Bila kujali au bila kufikiri: uchambuzi wa kisa cha watoto wawili, pipa la taka na neno "reckless"

Kwa nini kisa hiki

Ninapowafundisha wafasiri wa nyaraka za sheria, kisa hiki ndicho ninachoanza nacho. Ni kesi ya Uingereza iliyotokana na moto wa Agosti 2000 na kumalizika Oktoba 2003, na tangu mwanzo hadi mwisho ilisimama juu ya neno moja la Kiingereza, reckless. Walioanzisha moto walijulikana. Hasara ilijulikana. Hata yaliyokuwamo vichwani mwa washtakiwa yalikubaliwa na pande zote. Kilichobaki ni kuamua kama hali hiyo ya akili inaitwa reckless au haiitwi, na jibu la swali hilo ndilo lililotenga hatia na kuachiwa huru.

Washtakiwa walikuwa watoto, kwa hiyo mahakama yenyewe iliwataja kwa herufi tu: G na R. Mimi pia nimeondoa jina la mji na la duka. Majaji nawataja, maana hukumu zao ni kumbukumbu za umma.

Neno lenyewe

Reckless ni neno la kale sana. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, liliandikwa reccelēas, na ndani yake mna vipande viwili: kimoja chenye maana ya kujali au kutia jambo maanani, na kingine chenye maana ya "bila". Kijerumani kina ndugu yake, ruchlos, na Kiholanzi kina roekeloos. Kitenzi reck, kujali, kimekwisha kufa katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza; mtoto wake amebaki peke yake, na wanaolitumia neno hili kila siku wengi hawajui kilichomo ndani. Ndiyo maana utawakuta Waingereza na Wamarekani wanaliandika wreckless, kana kwamba linatokana na kuvunjika kwa meli. Mkanganyiko wa tahajia si wa jana. Vifungu 39 vya imani vya Kanisa la Anglikana, katika kifungu cha 17, vina umbo wretchlessness kwa maana hii hii ya kutojali.

Jambo moja wafasiri hulipita haraka: ndani ya neno hili hamna kasi. Kasi imo katika rash, neno jingine la Kiingereza ambalo asili yake ina udugu na rasch ya Kijerumani, yaani upesi. Mtu wa rash ni mtu wa papara, wa pupa, mwenye harara. Mtu reckless anaweza kufanya mambo yake polepole kabisa, ameketi kitini, anavuta sigara karibu na pipa la petroli. Shida yake ni kutojali.

Lakini kutojali kuko namna mbili. Kuna anayeiona hatari, akaipima, kisha akasema liwalo na liwe. Na kuna ambaye hatari haikumpitia akilini hata kidogo. Katika maongezi wote wawili tutasema "hawakujali", na Waingereza nao watawaita wote reckless. Asili ya neno haichagui baina yao. Sheria ya jinai haiwezi kukwepa kuchagua.

Sheria ilivyokuwa kabla ya moto

Mwaka 1957 ilisikilizwa rufaa ya mtu mmoja, Cunningham, aliyeshuka chini ya nyumba isiyokaliwa na watu, akaing'oa mita ya gesi ukutani ili apate sarafu zilizokuwamo. Gesi ikavuja, ikapenya hadi nyumba ya jirani, na mama mmoja aliyekuwa amelala humo akaivuta. Sheria iliyotumika ilikuwa ya karne ya 19, ikitumia neno lenye maana ya "kwa nia ovu". Mahakama ilisema nia ovu maana yake ni ama kukusudia madhara, ama kuona kwamba madhara ya namna hiyo yanaweza kutokea na bado kuendelea. Kuanzia hapo wanasheria walijua wanasema nini wanaposema reckless: yule wa liwalo na liwe.

Bunge lilipotunga sheria mpya ya uharibifu wa mali mwaka 1971, lilifuata rasimu ya Tume ya Sheria. Neno la kale la "nia ovu" likaondolewa, na mahali pake pakawekwa kukusudia au kuwa reckless. Nia ya Tume ilikuwa kuisafisha lugha ya sheria, si kuwaongeza watu katika kundi la wahalifu. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ilithibitisha usomaji huo katika shauri la mtu asiye na makazi, mgonjwa wa akili, aliyejichimbia shimo ndani ya lundo la majani makavu na kuwasha moto kidogo apate joto. Lundo likateketea. Hatia yake ikafutwa, kwa kuwa huenda yeye mwenyewe hakuiona hatari ambayo mtu mwingine yeyote angeiona.

Kisha ukaja mwaka 1981 na kesi ya Caldwell. Huyu alikuwa na kinyongo na mwenye hoteli aliyewahi kumfanyia kazi. Alilewa, akaitia hoteli moto usiku, wageni 10 wakiwa ndani. Bahati njema moto uligunduliwa mapema. Akadai kwamba kwa ulevi wake wazo la kuhatarisha maisha ya watu halikumjia. Katika Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, Lodi Diplock aliandika hukumu iliyoungwa mkono na majaji wengine wawili kati ya watano. Alisema reckless ni neno la kawaida la Kiingereza, na maana yake ya kamusi inawahusu wote: aliyeiona hatari akaendelea, na ambaye hakuifikiria kabisa hatari ambayo ingekuwa dhahiri kwa mtu wa kawaida mwenye busara. Majaji wawili walipinga. Mmoja wao, Lodi Edmund-Davies, alieleza kwamba kufikia 1971 neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa istilahi ya sheria yenye maana yake, na kwamba kamusi si mahali pa kuitafuta.

Matokeo hayakukawia. Mwaka 1983 msichana wa miaka 14, aliyekuwa katika darasa la watoto wenye shida ya kujifunza, alikesha nje usiku kucha, akaingia katika kibanda cha bustani, akamwaga kiyeyushio cha rangi kwenye zulia na kukiwasha. Mahakimu walimwachia, wakisema hata kama angetulia na kufikiri asingeiona hatari hiyo. Mahakama ya juu ikawageuza: mtu wa busara angeiona, basi. Jaji Robert Goff alikubali matokeo hayo shingo upande, akisema wazi kwamba uamuzi wa Caldwell ulimfunga mikono.

Usiku wa moto

G alikuwa na miaka 11 na R miaka 12. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Agosti 2000 walikwenda kupiga kambi bila ruhusa ya wazazi. Usiku huo waliingia katika ua wa nyuma wa duka. Wakakuta mafurushi ya magazeti. Wakayafungua mengine wayasome, kisha wakayawasha baadhi kwa kiberiti cha gesi walichokuwa nacho. Kila mmoja alitupa gazeti lililowaka chini ya pipa kubwa la taka, la plastiki, lenye magurudumu. Kati ya pipa hilo na ukuta wa duka palikuwa na pipa jingine kama hilo. Wakaondoka bila kuuzima moto.

Nawaomba wanafunzi wangu waifuate safari ya moto huo hatua kwa hatua, maana hapo ndipo kesi ilipo. Gazeti liliunguza pipa la kwanza. Pipa la kwanza likaunguza la pili. La pili, likiwa ubavuni mwa ukuta, likapeleka ndimi za moto juu hadi kwenye upenu, zikashika mfereji wa maji ya mvua, kisha zikaingia katika uwazi ulio kati ya dari na paa. Paa la duka likashika, na mapaa ya majengo jirani nayo. Hatimaye paa la duka likaporomoka. Hasara ilifika kama pauni milioni 1.

Watoto walisema walidhani magazeti yangejizimia yenyewe juu ya sakafu ya zege. Ilikubaliwa kwamba hakuna kati yao aliyefikiri moto ungeweza kuenea namna ile.

Maamuzi, moja baada ya jingine

Upande wa mashtaka uliwashtaki kwa kuharibu majengo kwa moto wakiwa reckless kuhusu kuharibika kwake. Kwa sheria ilivyosomwa wakati huo, shtaka hilo lilikuwa na miguu. Umri wa kuweza kushtakiwa Uingereza ni miaka 10, na ile dhana ya zamani kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hajui baya na jema mpaka ithibitishwe vinginevyo ilikuwa imefutwa mwaka 1998. Kinga ya zamani ilikuwa imeondolewa, na kipimo cha Caldwell kikawakuta hawana ngao.

Kesi ilisikilizwa Machi 2001 mbele ya jaji na juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua ukweli wa mambo. Jaji aliona amefungwa. Aliwaelekeza raia hao kwamba mtu wa kawaida anayetumiwa kama kipimo ni mtu mzima, si mtoto wa umri wa washtakiwa. Hakuficha kwamba mwongozo huo ulimkera, na juri nao ulionekana kuwasumbua. Hata hivyo wakarudi na hatia, na watoto wakawekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja.

Mahakama ya Rufaa ilikataa rufaa mwaka 2002, kwa sababu ile ile: Caldwell ilikuwa juu yake. Lakini ilithibitisha kwamba swali hilo la sheria lina umuhimu kwa umma, na hivyo likaweza kupanda juu. Hatua hiyo naithamini sana. Mahakama isiyo na mamlaka ya kusahihisha kosa bado ina uwezo wa kulionyesha kwa aliye na mamlaka hayo.

Tarehe 16 Oktoba 2003 Malodi watano walitoa jibu kwa kauli moja, Lodi Bingham akiandika hukumu kuu. Caldwell ilitupwa. Tangu siku hiyo, kwa sheria ya uharibifu wa mali, mtu ni reckless akiwa anajua kuna hatari kwamba jambo fulani litatokea, na kwa hali anayoijua yeye si jambo la busara kuichukua hatari hiyo. Hatia ya G na R ikafutwa.

Kilichoshindwa

Lodi Diplock hakukosea kuhusu kamusi. Hilo nalisisitiza, kwa sababu wanafunzi humhukumu upesi mno. Waingereza huwaita reckless watu wa namna zote mbili, na hata asili ya neno inampa nguvu: asiyefikiri kabisa naye hakujali. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba neno likiwa la kawaida sokoni basi ni la kawaida pia ndani ya sheria. Bunge lilikuwa limelichukua kutoka kwa Tume ya Sheria, nayo Tume ilikuwa imelichukua kutoka katika maamuzi ya mahakama. Nasaba ya neno katika sheria ya 1971 ilikuwa fupi, ya miaka michache, na iliyoandikwa. Nasaba yake ya miaka elfu na zaidi haikuhitajika kabisa. Bingham alilisema hilo kwa adabu: walio wengi mwaka 1981 walifanya kosa linaloeleweka, lakini linaloonyeshika wazi.

Kosa la pili ni la namna ya kutunga hukumu. Kilichowasukuma mwaka 1981 ni hofu ya mlevi anayejitetea kwa ulevi wake, na hofu hiyo ni ya haki. Ila ilikuwa imekwisha kujibiwa. Katika kesi ya Majewski ya mwaka 1976 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kwamba kwa makosa ya aina hii, anayejilewesha kwa hiari hawezi kujitetea kwa kusema ulevi ulimfanya asione. Ili kumnasa mlevi hapakuwa na haja ya kuitanua maana ya neno. Neno likatanuliwa kwa ajili ya mtu mzima mmoja aliyelewa, na wavu huo mpana ukaja kuwanasa msichana wa miaka 14 na watoto wa miaka 11 na 12.

Miaka 22 ilipita kati ya makosa na marekebisho. Wasomi wa sheria walipiga kelele muda wote huo, na majaji wa chini walilalamika ndani ya hukumu zao wenyewe. Sioni fahari katika kusubiri huko.

Kilichofanya kazi

La kwanza ni ukweli ulioandikwa vizuri. Hali ya akili ya watoto ilielezwa bayana na kukubaliwa tangu mapema, na safari ya moto ikaandikwa kipande kwa kipande. Kwa hiyo swali lililopanda juu lilikuwa la sheria tupu. Kesi nyingi nzuri hufa kwa sababu ukweli wake umevurugika.

La pili ni kukataa njia ya katikati. Kulikuwa na pendekezo la kuvutia: kipimo cha mtu wa busara kibaki, ila kwa mtoto atumike mtoto wa umri wake. Nimeona wanafunzi wengi wakilishangilia. Bingham alilikataa. Ukimpunguzia mtoto, utamnyimaje mtu mzima mwenye ulemavu wa akili? Na ukianza kuongeza sifa za mshtakiwa moja moja, juri watazama katika maswali yasiyo na mwisho, huku tatizo la msingi likibaki: mtu anahukumiwa kwa wazo ambalo angelipata mtu mwingine.

La tatu, hakuna aliyesema kwamba asiyejali kwa kutofikiri ni mtu mwema. Lodi Rodger alikiri kwamba dhana pana ya Diplock ina mvuto wake, na kwamba Bunge likitaka linaweza kuiweka kwa kosa fulani mahsusi. Tayari mwaka 1991 Bunge hilo lilikuwa limeondoa reckless katika makosa makuu ya udereva na kuweka neno lenye maana ya hatari, linalopimwa kwa jinsi gari lilivyoendeshwa na si kwa kilichokuwa kichwani mwa dereva. Kwa barabara naona walifanya vyema: dereva amepewa leseni kwa sharti la kufikiri. Mtoto mwenye gazeti mkononi hakupewa leseni yoyote.

Kwa wanaofasiri kwa Kiswahili

Hukumu za London hazifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi. Lakini maneno yalivuka bahari. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 243 cha Kenya vina kichwa kinachotumia reckless, ilhali ndani ya kifungu chenyewe maneno ni rash na negligent. Maneno matatu katika kifungu kimoja, na kila moja lina uzito wake. Tangu Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, suala hili limeingia jikoni mwetu.

Mazoea yaliyoenea ni kutafsiri yote kwa "uzembe". Kwa negligent, uzembe ni neno sahihi na watu wanalielewa. Likitumika pia kwa reckless, ngazi mbili za hatia zinakuwa moja, na mfasiri, bila kuulizwa na mtu, anakuwa ameirudisha Caldwell kwa mlango wa nyuma. Kwa rash napendekeza "kwa papara" au "kwa pupa", maana kasi na kukosa subira vimo humo. Kwa reckless, "bila kujali" inalingana na asili yake vizuri mno, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa inabeba utata ule ule uliowagawa Malodi. Panapohitajika maana ya 2003, afadhali sentensi ndefu kidogo: "akijua kuna hatari na bila kuijali". Inachosha kuiandika mara ishirini katika waraka mmoja, lakini haimwongezei mshtakiwa kosa.

Mkalimani wa mahakamani ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu yeye hana muda wa kurekebisha rasimu. Wakili akimwuliza mtoto kwa Kiingereza kama alikuwa reckless kuhusu paa, ukalimani wa "hukujali kuhusu paa?" utaleta jibu la "sikujali", na jibu hilo litaandikwa kama kukiri. G na R nao, wakiulizwa hivyo, wangejibu hivyo, kwa sababu paa halikuwamo vichwani mwao. Mkalimani anayo haki ya kumweleza hakimu kwamba swali lina maana mbili na kuomba ligawanywe: "Ulifikiri kwamba moto unaweza kufika kwenye paa?" Mtoto akisema ndiyo, ndipo lifuate la pili: "Ulipofikiri hivyo, ulifanya nini?"